Kwa Mkwe Hakulaliki

Mimi ni mwalimu, na mwalimu akishindwa na jambo hununua daftari. Mama alipohamia kwetu Ilemela na kuanza kuhangaika kila jioni, nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: MAENDELEO YA MAMA. Utadhani mama angefanya mtihani mwisho wa muhula, na mimi ningesimama mbele ya wazazi kusoma matokeo.

Mama ana ugonjwa wa kusahau. Hospitalini wana jina refu la ugonjwa huo. Kwetu, upande wa Mara kando ya ziwa, watu husema tu kwamba mzee amerudi utotoni. Msemo huo siupendi. Watoto nawajua, nimewafundisha historia na uraia mpaka nikaota mvi, na kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Hakuna mtoto aliyewahi kunitoa jasho kama yeye.

Asubuhi hakuwa na shida. Alikunywa uji, akaota jua barazani, akawasalimia wapita njia wote, anaowajua na asiowajua, na kuku pia. Mimi siku nyingine alinijua, siku nyingine aliniita dada, siku nyingine binti. Hilo nililizoea. Shida ilianza saa kumi, jua likishaanza kuinamia ziwa. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Akazunguka chumbani akiokota vitu kimoja kimoja: kanga, kikombe, rozari, kitana, kandambili moja isiyo na mwenzake. Akavifunga furushi, akajitanda kanga nyingine kichwani, akaelekea mlangoni.

“Nimechelewa. Nakwenda.”

“Unakwenda wapi, mama?”

“Kwetu.”

“Mama, kwetu ni hapa.”

Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia karani anayemwambia faili lake halionekani. Kisha akajaribu kitasa. Nikimshika mkono aliutoa. Nikisimama mlangoni alinisukuma, na mama ni mwembamba lakini amelima mihogo na kubeba ndoo za dagaa maisha yake yote, kwa hiyo akinisukuma nilisukumika. Kufika saa kumi na mbili mmoja wetu alikuwa analia, na mara nyingi hakuwa yeye.

Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mtulivu asiyepandisha sauti hata kwa foleni ya watu sitini, aliniambia mambo mawili. La kwanza, nisibishane naye. La pili, niangalie kila jioni ni kitu gani kinatangulia kabla hajaanza kuhangaika. Mgonjwa wa namna hii, alisema, akihangaika mara nyingi kuna jambo linamsukuma, ila anashindwa kulieleza likaeleweka. Inaweza kuwa njaa, haja, kelele, kivuli, woga. Niliandika yote mawili. La kwanza nililipigia mstari mara mbili, nikarudi nyumbani na kumweleza mama, kwa hoja nne, kwa nini haifai tubishane.

Nilimchorea hata ramani. Sifanyi mzaha. Jioni moja nilichukua ubao wangu mdogo na chaki, nikachora ziwa, nikaweka Mwanza huku na Musoma kule, nikatia mshale wa kaskazini, nikamthibitishia kwamba kufika kwao kabla ya giza haiwezekani. Mama aliitazama ramani kwa heshima zote. “Umechora vizuri, mwalimu,” akasema, halafu akachukua furushi lake.

Daftari lilikuwa linajaa. Ninanukuu bila kuficha, maana aibu yangu imeshazoea hewa: “Jioni, anajifunika uso kwa kanga.” “Jioni, anakataa kochi, anakaa chini nyuma ya mlango.” “Wakati wa kula, anageukia ukutani, hagusi chakula.” “Akisikia pikipiki, anakimbilia jikoni kujificha.” Pikipiki hiyo ilikuwa ya mume wangu, akirudi kutoka kiwanda cha samaki anakofanya kazi. Pembeni niliandika maelezo ya kitaalamu: “Anaogopa mlio wa injini.” Nikamwambia mume wangu awe anaizima kule barabarani na kuisukuma hadi nyumbani. Aliisukuma, mlima wote ule wa mawe, mtu wa miaka hamsini na sita. Mama akaendelea kukimbilia jikoni, na mimi nikaandika kwamba sasa anaogopa mlio wa matairi kwenye changarawe.

Hilo la kula nililisababisha mwenyewe. Mume wangu ni Msukuma wa kule Kisesa, jirani na Bujora, mtu wa maneno machache. Mama alipohamia tu, akaanza kuchelewa kurudi, na akirudi anaomba chakula chake apelekewe chumbani. Nikaona hampendi mama yangu. Nikamkalisha kikao. Nikamwambia sisi ni watu waliosoma, watoto wetu wako vyuoni, katika nyumba hii tutakula meza moja. Akakubali, kwa sababu ndivyo alivyo. Basi kila jioni ukatuona mezani: mama amegeukia ukuta na kanga usoni, mume wangu amekodolea sahani macho kama anayehesabu punje za wali, na mimi katikati nawagawia mchicha na kuwahimiza wajisikie nyumbani.

Mara tatu mume wangu aliniambia, “Lakini mama watoto, mimi ni mkwe.” Mara zote tatu nilimjibu kwamba mtu asiyemkumbuka hata mwanawe wa kumzaa atamkumbuka vipi mkwe? Ugonjwa umeshafagia hayo yote. Niliamini hivyo kabisa. Kwenye daftari niliandika kwamba baba watoto haonyeshi ushirikiano.

Na mila yenyewe niliijua, tena vizuri. Mama alipokuwa mzima, hakuwahi kulala kwangu hata siku moja. Akija Mwanza alifikia Kirumba kwa binamu yake, sasa marehemu, akaja kwangu asubuhi na kuondoka kabla mume wangu hajatoka kazini. Nilikuwa nanung'unika, yeye anacheka. “Wewe umeolewa, mwanangu. Mimi sikuolewa hapo.” Niliyaona ni mambo ya kizamani, nikayaweka pamoja na habari za chungu na kinu.

Kisha mama akapotea. Nilikuwa nasahihisha madaftari, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na nilipoinua kichwa hakukuwa na mtu. Tulimpata karibu na barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ameketi na wauza nyanya, furushi mapajani, akiwauliza kama gari la Musoma limeshapita. Malori yanapita pale kwa kasi ambayo sitaki kuifikiria. Kaka yangu alinipigia simu kutoka Musoma jioni ileile. Ni mkubwa wetu, na anaongea kama mkubwa.

“Akitoka tena,” alisema, “utamfungia chumbani kwa kufuli. Kama huwezi, nakuja kumchukua, namfungia mimi. Siwezi kumzika mama kwa sababu ya lori.”

Nilimwambia sitamfungia. Nilimwambia nitaweza. Kumfungia mama kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, mama ambaye hakuwahi kutufungia nje hata tulipochelewa disko! Lakini nilipokata simu niliona sina jingine la kufanya, na lori sikuweza kulichorea ramani. Nilijua akitoka mara ya pili sitakuwa na la kumjibu kaka.

Nikaongeza bidii. Nikatengeneza ratiba, nikaibandika ukutani. Saa kumi kamili, chai ya maziwa. Saa kumi na robo, kumenya viazi vitamu vya kukausha michembe. Saa kumi na moja, nyimbo za kanisani. Wakati huohuo mume wangu alitumwa Bukoba na kazi kwa wiki mbili. Nikasema afadhali, nyumba itatulia nifanye kazi yangu.

Na nyumba ikatulia! Siku ya kwanza mama alimenya viazi mpaka vikaisha, akaimba, akala mezani ameniangalia mimi, akaenda kulala. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tano nilimpigia kaka simu kumpa taarifa, nikatumia neno “mbinu”. Siku ya kumi nilisimama kwenye jumuiya yetu, mbele ya akina mama ambao baadhi wameuguza wazazi wao kwa miaka mingi bila kupiga kelele, nikawafundisha. Niliwaeleza umuhimu wa ratiba. Niliwaeleza siri ya viazi. Jirani yangu mmoja, mjane anayeishi nyuma ya nyumba yetu, aliuliza kwa upole, “Na shemeji yupo?” Nikamjibu kwamba amesafiri, nikaendelea na mada.

Mume wangu alirudi siku ya Alhamisi, saa kumi na moja na nusu, anasukuma pikipiki. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili. Mama alikata wimbo katikati, akavuta kanga usoni, akasimama. Viazi vikamwagika. Nikamrukia mume wangu mlangoni na kumwambia amekuja kuniharibia kazi ya wiki mbili, kwa nini hakupiga simu, kwa nini anaingia kama askari wa doria. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi za Bukoba begani, maskini, na alikuwa bado hajasema hata hodi. Nilipomaliza kumgombeza niligeuka. Mama hakuwepo.

Safari hii hakwenda barabarani. Alipanda juu, kwenye mawe. Anayeijua Ilemela anajua hizo nyumba zetu zimekaa katikati ya majabali makubwa kama zimeomba nafasi, na vinjia vinapita baina yake. Mume wangu alikimbilia barabarani, mimi nikapanda kilimani kwa kandambili, nikiita “Mama! Mama!” hadi watoto wa mtaa wakaanza kuniitikia. Wanafunzi wangu wawili waliniona natambaa kwa magoti kwenye mwamba, gauni limepanda. Walinisalimia “Shikamoo mwalimu” kwa sauti ya kanisani, na mimi nikaitikia marahaba nikiwa nimeshikilia jani.

Nilimkuta juu kabisa, ameketi kwenye jabali bapa, furushi pembeni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umechanika kisiginoni na damu ilikuwa inatiririka juu ya jiwe. Mbele yake mwamba ulikuwa unateremka wima mpaka kwenye mabati ya watu. Hatua tatu zaidi na ningekuwa naandika habari nyingine. Niliketi karibu naye, taratibu, kati yake na ule mteremko. Nilitaka kumwambia kwamba amefanya vibaya sana, lakini sikuwa na pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwangu sikubishana naye, na sababu yake ilikuwa unene wangu tu, siyo hekima.

Aligeuka, akanitazama, akasogea kidogo kunipa nafasi.

“Na wewe, binti, unasubiri gari?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Mimi nilikuja kumwona mwanangu. Ameolewa pale chini.” Akaonyesha kwa kidevu bati la bluu. Ni letu.

Pumzi ilianza kunirudia. “Anakaa vizuri?” nikauliza.

“Vizuri sana. Mume wake mpole, hana neno. Ila mwanangu kanikalisha siku nyingi mno, binti. Jua likizama bado nipo. Mama mtu, nalala kwa mkwe! Ananikalisha naye meza moja, na mkwe wa watu anashindwa hata kumeza. Nami namficha uso wangu, nitamfichaje? Nyumba ndogo.” Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. “Watasema mke wake katoka kwa watu wasio na adabu. Watamcheka mwanangu.”

“Kwa nini usimwambie?”

“Namwambia kila siku kwamba nakwenda. Hasikii.” Akanisogelea, akashusha sauti, kama mtu anayetoboa siri ya nyumba. “Ni mwalimu yule. Mwalimu anaambiwa?”

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilijisikia vibaya. Nililia pale juu ya jiwe, kwa sauti, na mama akanipigapiga mgongoni akaniambia gari litakuja tu, nisilie. Kila mstari wa daftari langu ulinirudia. Kujifunika uso, kukaa chini nyuma ya mlango, kugeukia ukuta, kukimbia pikipiki: nilikuwa nimeandika kurasa sitini za adabu za mama yangu na kuziita dalili. Alikuwa amesahau jina langu, miaka yake, na kwamba baba alishafariki, lakini heshima aliyopaswa kumpa mume wangu hakuisahau hata jioni moja. Na alikuwa anaitunza kwa ajili yangu, nisichekwe. Mimi ni yule ambaye kila mwaka huandika ubaoni “Mwacha mila ni mtumwa” na kuwataka wanafunzi waieleze kwa mifano. Nimewahi kumkata mtoto alama kwa mfano dhaifu.

Nilimfunga kisigino kwa mtandio wangu. “Mama,” nikamwambia, “gari la leo limeshapita. Pale nyuma kuna mjane mmoja, ana nafasi. Twende ukalale kwake.”

“Hana mkwe?”

“Hana.”

“Haya,” akasema, akanyanyuka mara moja, mtu ambaye kwa miezi minne nilikuwa namvuta mkono. Tulishuka polepole. Mjane alitupokea mlangoni, akamtazama mama, akanitazama mimi na magoti yangu, na wala hakuulizia viazi. Alileta maji ya moto na chumvi, akaosha kile kidonda. Mama alikula wali na samaki sahani nzima. Saa mbili alikuwa amelala fofofo, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha watu nikijiuliza nitamwambia nini kaka.

Nilimwambia kwanza mume wangu. Nilimweleza yote, jiwe, bati la bluu, mwalimu haambiwi. Hakusema “nilikwambia”, ingawa alikuwa ameniambia mara tatu, na zote zimo kwenye daftari kwa tarehe na saa. Kisha akasema, “Ile stoo yetu ya nyuma. Mlango wake unatazama wapi?”

Ilikuwa inatazama jikoni kwetu. Ilikuwa chumba kizuri cha matofali, kina dirisha, kina sakafu, lakini tuliweka humo majembe na magunia na ndoo zilizopasuka. Jumamosi fundi akaja. Tukamwambia azibe mlango unaotazama nyumba yetu, atoboe mwingine ukuta wa nyuma, unaotazama kinjia na uwanja wa yule mjane. Fundi aliuliza mara mbili kama tunajua tunachofanya. Alisema amejenga Mwanza yote mpaka Usagara, hajawahi kuona mtu anageuza chumba kikampa kisogo mwenye nyumba. Mume wangu akamwambia ndicho anachotaka, kimpe kisogo. Mbele ya mlango mpya tukazungushia ua mdogo wa mabati, na kijilango.

Siku zote hizo mama alikaa kwa mjane, na jioni zake zilikuwa za mtu aliyechoka tu. Alikuwa anasimama na kuketi, anatafuta kitana, anaulizia baba. Ugonjwa haukuondoka, sitaki kumdanganya mtu. Lakini ule woga wa mlangoni haukuwepo.

Kaka aliposikia alifoka. “Umemweka mama stoo?” Nikajaribu kumweleza, akasema anakuja na kufuli lake. Alikuja kweli, Jumapili ile tuliyomhamisha mama. Alisimama uani amekunja mikono. Mimi nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu wa kumwambia mama kuhusu chumba kile, kila mmoja una sababu na ushahidi. Mama aliingia, akagusa kitanda, akagusa ukuta uliokuwa bado unanukia saruji, akauliza, “Nyumba ya nani hii?”

Nikafungua kinywa kuanza uongo wa kwanza. Mjane akanitangulia.

“Yako.”

“Haya,” mama akasema, akaweka furushi chini na kulifungua.

Saa kumi na moja na nusu tulisikia pikipiki, upande ule mwingine wa ukuta. Nilimwona kaka akijiandaa, mkono mfukoni. Mume wangu hakuja upande wetu. Alikuwa ameongea na mjane awe mtu wake wa kati, kama inavyotakiwa, na mjane akaingia na kitenge na sukari, akamwambia mama kwamba mkwe wake anamsalimia, anamwomba akae hapa, kwake mwenyewe, kwa amani. Kisha kutoka nyuma ya ukuta, bila uso, ikaja sauti ya mume wangu. “Shikamoo, mama.”

Mama alijitanda kanga vizuri, ingawa hakukuwa na wa kumwona. “Marahaba, baba. Pole na kazi.”

“Asante, mama. Umeshindaje?”

“Salama, baba. Tunamshukuru Mungu.”

Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kufanya tangu niolewe. Kaka akatoa mkono mfukoni, akaniomba maji ya kunywa. Alikunywa, akalala usiku mmoja, akarudi Musoma, na habari ya kufuli hajairudia.

Sasa jioni zetu ziko hivi. Mimi ni mgeni. Saa kumi nakwenda kumtembelea mama kwake, naingia kwa hodi, tunamenya viazi au hatumenyi. Jua likianza kuinama, yeye ndiye anayehangaika kwa ajili yangu. “Binti, huendi kwenu? Kutaingia giza, mume atakasirika.” Naaga. Na kwa kuwa mama ni mtu wa adabu, mgeni haondoki peke yake: anajitanda kanga, anashika fimbo, ananisindikiza kwenye kinjia mpaka pale kona ya mwisho ya ukuta. Ile haja ya kutoka, iliyokuwa inanivunjia milango, inaishia hapo, hatua thelathini kwenda na thelathini kurudi. Mimi nachungulia konani mpaka aingie kwake, nazunguka nyumba, naingia kwa mlango wangu wa mbele, na akishasinzia narudi na godoro langu kulala sakafuni kando ya kitanda chake. Asubuhi ananikuta pale, anadhani nimewahi kuja kumwamkia, na ananisifu kwa malezi mazuri niliyopata kwetu.

Jioni ya kwanza tulipofika konani alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Haya, binti. Uende salama. Msalimie mama yako.”

Nilisema nitamsalimia. Nilizunguka ukuta, nikasimama nyuma ya nyumba yangu nikalia tena, nikamtisha mume wangu aliyekuwa ametoka kuchota maji. Lakini ujumbe ni ujumbe, na mimi nimelelewa vizuri. Asubuhi nilipompelekea uji nikapiga magoti, nikamwambia, “Mama, unasalimiwa.”

Akakipokea kikombe. “Na nani?”

“Na mwanao. Yule mwalimu.”

“Marahaba. Hajambo?”

“Hajambo. Ila anakukumbuka sana, mama.”

Akanywa funda moja, akafikiri, akatazama mlango wake uliokuwa wazi na jua likiingia.

“Mwambie aje,” akasema. “Hapa ni kwangu.”